Umepimwa Maabara, Je, Umekuwa Dawa? Safari ya Mzizi wa Ochuoga

Barua iliyotupeleka Kisumu Ndogo ilikuwa fupi. Aliyeiandika ni dada mmoja mzawa wa Pwani aliyeolewa Nairobi, naye ametuomba tusimtaje kwa jina wala kwa dalili yoyote ya kumtambulisha. Ana mtoto wa miezi minne anayenyonya. Tangu alipopimwa wakati wa ujauzito amekuwa akinywa kila siku vidonge vya kudhibiti virusi vya UKIMWI, navyo huvificha ndani ya kopo la iliki lililoko nyuma ya kabati, ili wageni na mawifi wasivione.

Siku moja jirani yake, mtu mwema asiyeijua siri hiyo, alimletea fungu la mizizi akamwambia: "Chemsha, unywe asubuhi na jioni. Mti huu unaua virusi vyote. Hata KEMRI wameupima." Dada yetu akatuuliza: "Ikiwa wataalamu wameupima wakaona kuwa unaua virusi, je, ni makosa nikiviacha vidonge nikanywa mizizi, angalau mpaka mwanangu aache kunyonya?"

Hatukuona haki kumjibu kwa neno moja la "usithubutu", kisha tukamwacha na hofu yake. Swali lake ni la mtu mwenye akili, na ndani yake mna jambo la kweli: mti huo umepimwa kweli. Basi yatupasa tueleze ulipimwa vipi, ulionekana na nini, na wapi ukweli huo unapokoma.

Kisumu Ndogo, jirani ya maabara

Wasomaji wa Malindi wakisikia Kisumu Ndogo huenda wakadhani twazungumzia mtaa wao. Tunayoisema hapa ni ya Nairobi, ndani ya Kibera, mtaa ambao watu wengi wa asili ya Nyanza walifanya makao, wakauita kwa jina la mji wa kwao. Kibera yenyewe si ngeni kwa Uislamu. Wanubi, askari wa zamani wa jeshi la kikoloni, walikalishwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na jamaa zao, na jina la mtaa latokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Msitu huo sasa ni mabati na vichochoro, lakini elimu ya miti haikuondoka pamoja na miti.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo ameketi juu ya kigoda, mbele yake ametandaza gunia lenye magome, mizizi na majani makavu. Tulipoitaja ochuoga aliokota vipande viwili vya mzizi uliokolea kahawia, akavigonganisha.

"Huu, mwanangu, sisi tumeujua tangu utotoni," alisema. "Matunda yake tuliyala tukichunga mbuzi. Mzizi unatiwa kwenye supu, na mwenye kifua au tumbo hupewa maji yake."

Tukamuuliza: "Na virusi, mama?"

Akacheka kidogo. "Hao vijana wa siku hizi ndio wanaosema virusi. Mimi nasema kifua na tumbo."

Jawabu hilo lilitufurahisha kwa uaminifu wake. Mti anaouita ochuoga, Wakikuyu huuita mukawa, na wataalamu wa mimea wameuandika kwa jina la Carissa edulis. Ni kichaka chenye miiba, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda madogo yanayogeuka kuwa ya zambarau yakiiva. Na maabara iliyoupima haiko mbali: makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, yako kando ya barabara ya Mbagathi, mwendo mfupi kutoka Kibera.

Namna mti unavyopimwa

Kabla hatujaeleza yaliyoonekana, tueleze kazi yenyewe, kwani neno "kupimwa" hutamkwa haraka na watu wengi hawajui lina nini ndani yake.

Kwanza mmea huchumwa na kutambuliwa na mjuzi wa mimea, na tawi lake hukaushwa na kuhifadhiwa kama ushahidi, ili atakayekuja baadaye ajue hasa ni mti upi uliotumika. Hili si jambo dogo. Jina moja la kienyeji huweza kubeba miti mitatu tofauti, na katika hiyo mmoja ukawa sumu.

Kisha mzizi hukaushwa, husagwa, na hutolewa nguvu yake kwa maji au kwa kimiminika kingine. Mchemsho huo huchujwa, hukaushwa ukawa unga, na unga ukapimwa kwa mizani. Hapo ndipo kazi ya maabara inapoanza kuachana na ya jikoni. Jikoni twasema "fungu" na "sufuria". Maabara husema mikrogramu ngapi kwa kila mililita.

Hatua ya tatu ni kirusi chenyewe. Kirusi hakiwezi kuishi peke yake. Chahitaji seli hai ya kuingia na kuzaana humo. Kwa hiyo wataalamu hukuza seli juu ya sahani za kioo au plastiki. Zinazotumika mno ni zile ziitwazo Vero, ambazo asili yake ni figo la tumbili wa Afrika, na ambazo zimeendelea kukuzwa katika maabara tangu 1962 zilipotengwa huko Japani. Seli zikitanda kama zulia, hutiwa kirusi kwa hesabu maalumu. Pale kirusi kinapoziua seli, zulia hutoboka na kuonekana doa. Madoa huhesabiwa. Sahani moja hupewa kirusi bila dawa, nyingine kirusi pamoja na mchemsho, na nyingine mchemsho peke yake.

Hiyo sahani ya mwisho ndiyo yenye hekima kubwa. Chochote chenye ukali huua virusi: jiki huua, spiriti huua, hata siki kali huenda ikaua. La maana si kama mchemsho waua kirusi, bali kama waua kirusi na kuiacha seli salama. Mchemsho unaoua vyote viwili si dawa bali ni sumu.

Yaliyoonekana katika ochuoga

Mnamo 2006, Dkt. Festus Tolo na wenzake walitangaza matokeo yao juu ya mizizi ya mti huu katika jarida la kimataifa la elimu ya dawa za asili. Kirusi walichokipima kilikuwa cha hepesi, aina zote mbili: ile inayotoa malengelenge mdomoni, na ile inayoathiri sehemu za siri.

Wasomaji wetu wasione haya kusikia habari za hepesi. Ni maradhi ya watu wengi mno duniani, na mtu huweza kuwa nayo bila kujua, kwani kirusi hujificha ndani ya mishipa ya fahamu kikasubiri mwili udhoofike. Aina ya pili humfungulia njia kirusi cha UKIMWI kwa sababu ya vidonda. Na mama anayeambukizwa mwishoni mwa ujauzito huweza kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kwa mtoto mchanga maradhi hayo ni ya hatari kubwa. Hii ni habari ya nyumba zetu.

Katika maabara, mchemsho wa mizizi kwa kiasi cha mikrogramu 50 kwa kila mililita uliyazuia madoa yote, yaani asilimia 100. Seli nazo hazikudhurika mpaka kiasi kilipopandishwa mara nyingi: nusu ya seli zilikufa kilipofikia mikrogramu 480. Nafasi hiyo kati ya 50 na 480 ndiyo iliyowapa wataalamu matumaini.

Kuna lililo zuri zaidi. Dawa ya hospitali inayojulikana sana kwa hepesi ni asiklovia. Dawa hiyo hulala mpaka iamshwe na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Kirusi kilichokipoteza kimeng'enya hicho huponyoka. Watafiti walivipima pia virusi sugu vya namna hiyo, na mchemsho wa ochuoga ukavizuia navyo. Huenda basi mzizi una kiambato kinachopiga mahali pengine, palipoachwa na dawa tulizo nazo.

Baada ya sahani wakaja panya. Panya walioambukizwa hepesi wakaachwa bila tiba walikufa wote. Waliopewa mchemsho kwa mdomo, miligramu 250 kwa kila kilo ya uzito, walichelewa kuugua kwa zaidi ya asilimia 50, waliishi muda mrefu zaidi kwa asilimia 28 hadi 35, na vifo vyao vilipungua kwa asilimia 70 hadi 90. Kwa kiasi hicho haikuonekana sumu ya papo kwa papo.

Haya ni matokeo ya kujivunia. Yamefanywa hapa kwetu, na wataalamu wetu, kwa mti wetu. Anayesema kwamba miti ya wazee ni upuuzi mtupu, na ayasome.

Mahali ukweli unapokoma

Lakini tazameni vizuri kile ambacho hakikusemwa. Kirusi kilikuwa cha hepesi; si cha UKIMWI, si cha homa ya ini, si cha surua. Virusi havifanani kama ambavyo samaki, ndege na ng'ombe hawafanani, ijapokuwa wote twawaita wanyama. Funguo ya mlango mmoja haifungui mlango wa jirani. Neno "unaua virusi vyote" halimo kabisa katika utafiti ule. Limeongezwa njiani, kati ya maabara na kichochoro.

Waliotibiwa, tena, walikuwa panya. Kutoka kwa panya hadi kwa mama anayenyonyesha kuna safari ya miaka. Yabidi kijulikane kiambato hasa kinachofanya kazi. Yabidi ipimwe sumu ya muda mrefu katika ini na figo, na kama hupita katika maziwa ya mama. Kisha hufuata majaribio kwa watu: kwanza wachache wenye afya, ili kuangaliwa usalama, kisha wagonjwa wachache, kisha wengi, wakilinganishwa na wanaotumia dawa iliyopo. Michemsho mingi inayong'ara juu ya sahani huishia katikati ya safari hiyo. Ndiyo kazi ya safari yenyewe, kuchuja.

Hata namna ya kuchemsha yaweza kubatilisha kila kitu. Bi. Tu Youyou wa China, aliyetafuta dawa ya malaria katika mmea wa atemisia, wa jamii ya pakanga, aligundua kwamba moto ulikuwa ukiiharibu nguvu ya mmea. Alipoitoa kwa etha, katika joto dogo, dawa ikapatikana. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Basi sufuria yetu na chombo cha maabara huenda vikatoa vitu viwili tofauti kutoka katika mzizi mmoja.

Tuliyokwisha kuyaona

Afrika Mashariki imelipa gharama ya haraka zaidi ya mara moja. Mwaka 1990 Nairobi ilitangaziwa dawa ya UKIMWI iliyoitwa Kemron. Haikuwa ya mti, ila ilitoka katika taasisi ya utafiti yenye heshima, na wagonjwa wakaja kutoka mbali wakiwa na matumaini. Majaribio mapana yaliyofuata hayakuonyesha faida yake. Hata taasisi kubwa, basi, huweza kutangaza kabla ya wakati.

Mwaka 2011 ikawa zamu ya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu, alikuwa akitoa kikombe cha mchemsho kwa shilingi 500 za Tanzania katika kijiji cha Samunge. Foleni za magari zilichukua siku kadhaa, na Wakenya wengi walivuka mpaka kwenda huko. Ilisemwa kuwa kikombe hicho chaponya UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine. Wagonjwa wengine walifia njiani na katika foleni. Wengine walirudi nyumbani wakaacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona, na maradhi yakarudi.

Na mti ule wa Samunge, ulioitwa mugariga kwa lugha ya wenyeji, wataalamu walipouchunguza waliutambua kuwa ni wa Carissa: ndugu yetu huyu huyu, ochuoga. Mti mmoja, basi, una habari mbili. Katika maabara ya Nairobi ulikuwa tumaini lenye hesabu yake. Katika foleni ya Loliondo ulikuwa ahadi isiyo na hesabu. Mti haukubadilika. Kilichobadilika ni maneno ya watu juu yake.

Kuchanganya nako kuna hatari

Huenda msomaji akasema: basi nitakunywa vyote viwili, vidonge na mizizi, nipate baraka za pande zote. Hapo napo pana mtego. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo juu ya watu wenye afya waliopewa vidonge vya kitunguu saumu kwa takriban wiki tatu, pamoja na dawa moja ya virusi vya UKIMWI iitwayo sakwinavia. Kiwango cha dawa hiyo katika damu kilishuka kwa karibu nusu. Sakwinavia si miongoni mwa dawa zinazotumika sana leo, na vidonge vile si sawa na punje mbili za kitunguu saumu katika mchuzi. Lakini ikiwa kitunguu saumu, kiungo cha kila jikoni, chaweza kufanya hivyo kikikolezwa, tusemeje juu ya mzizi usiojulikana? Dawa ikipungua katika damu, kirusi hupata nafasi ya kujifunza kuikwepa, na kidonge kilichokuwa kikifaa hakifai tena.

Haki ya mti na ya mwenye elimu

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Dawa za mizizi huchimbwa, na mti uliochimbwa mizizi aghalabu hufa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walichuma majani ya mti fulani katika misitu ya Sarawak, Malaysia. Yalipopimwa yakaonyesha kuzuia kirusi cha UKIMWI. Waliporudi kuchuma zaidi, wakaukuta mti ule umekwisha katwa. Huku kwetu, mwiri uliandamwa kwa ajili ya magome yake hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995. Atakaye mzizi wa kesho na apande mche leo.

Mama wa gunia naye ana haki yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda elimu ya jadi na tamaduni, inayokusudia jamii zenye elimu hiyo zisinyang'anywe bila ridhaa wala faida. Siku ambayo kiambato cha ochuoga kitakuwa kidonge dukani, wale walioujua mti kabla ya kila mtu wasisahauliwe.

Jawabu letu kwa dada yetu

Dada yetu mpendwa, usiviache vidonge vyako hata siku moja kwa ajili ya mzizi huu. Vidonge hivyo vimekwisha kuimaliza safari ambayo ochuoga ndiyo kwanza inaianza. Mama anayevinywa ipasavyo, hatari ya kumwambukiza mtoto anyonyaye hushuka chini ya asilimia 5. Akiviacha, virusi huweza kurudi kwa wingi katika wiki chache, na mtoto akawa ananyonya hatari hiyo. Ukisikia uzito, kichefuchefu au uchovu, mwambie muuguzi wako. Ziko namna za kubadilishiwa dawa.

Kwa wasomaji wetu wote twasema haya. Mtu akikuambia dawa imepimwa, muulize: imepimwa dhidi ya maradhi gani? Juu ya sahani, kwa panya, au kwa watu? Watu wangapi, na waliendelea vipi? Mwenye kukuambia yatibu maradhi yote hajapima hata moja. Mjamzito na anayenyonyesha asinywe mzizi wowote bila kumjulisha mhudumu wake wa afya. Mwenye kutumia dawa za kila siku, ziwe za sukari, presha au virusi, amtajie daktari kila anachochemsha nyumbani, bila haya. Na kwa surua, mpelekeni mtoto achanjwe.

Dini yetu imetufundisha kutafuta tiba na kuwaendea wajuzi, na haikutuambia kuwa kutawakali ni kuacha sababu. Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji, naye ndiye aliyetia nguvu katika mzizi na akili katika mtafiti.

Tulipomwandikia dada yetu haya, alijibu kwa mistari miwili. Vidonge anavinywa. Mizizi hakuitupa, asije akamvunja moyo jirani yake. Ameifunga katika karatasi, nayo imekaa juu ya kabati. Kopo la iliki lingali nyuma yake. Twamwombea ipatikane siku atakayoweza kuliweka mbele, pamoja na makopo mengine, bila kumwogopa mtu.